Pombe ya ndizi ya Nakivale: ya siku ya ngapi?

MTU akikuuliza pombe ya ndizi ina ladha gani, muulize kwanza: ya siku ya ngapi? Wanaonunua Isingiro na kuuza Mbarara wanalijua swali hilo, maana ndilo huamua kama safari imelipa au imekula mtaji.

Hivi karibuni niliifuata pombe moja kwa siku nne, kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi mjini Mbarara, nikiionja kila ilipofika. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walianza Wanyarwanda, baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Pombe hii nayo ina majina kama wanywaji wake: kwa Wanyankole ni tonto, Mnyarwanda anaiita urwagwa, Mrundi urwarwa, Mkongo wa Kivu kasiksi, na ndugu zetu Wahaya wa Kagera rubisi. Baadhi ya waliorudi Rwanda baada ya 1994 walikulia huku Ankole, na wakivuka mpaka kuja kusalimia utawasikia wakiagiza tonto kwa jina hilo hilo.

Mama niliyemtembelea ametoka Kivu. Ndizi hununua kwa wenyeji, zile za pombe ambazo ukizipika huwa chungu. Huziivisha ndani ya shimo lililotandikwa majani ya migomba. Zikiiva sawasawa, wanga umegeuka sukari. Zikiwa nusu mbichi, utakanyaga mchana kutwa usipate kitu. Alhamisi asubuhi zilimenywa, zikamwagwa katika mtumbwi wa mti, na vijana wawili wakazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yakajitenga na makapi.

"Onja sasa, papa. Kesho haitakuwa hii," aliniambia.

Ilikuwa tamu kuliko soda, ikikwaruza ulimi kidogo kama chai iliyokolea. Hiyo si pombe bado. Wanyankole huiita eshande, Wanyarwanda umutobe, na watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao. Kisha akaongeza maji, akanyunyiza mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani. Mtama huo ndio unaosaidia kuchachusha, na ndio unaoleta rangi na ile harufu ya kuungua inayopendwa.

Ijumaa mchana alichuja na kujaza madumu ya lita 20. Nikaonja tena. Utamu ulikuwa bado mbele, lakini nyuma yake kulikuwa na mchomo mdogo, na povu lilipanda hadi mdomoni mwa kikombe.

Wazungu nao wana desturi ya namna hii kwa mvinyo wa Porto wa Ureno. Ule unaotokana na mavuno ya mwaka mmoja bora hukaa ndani ya chupa miaka 20 na zaidi. Siku ya kuunywa humiminwa taratibu katika chombo kingine ili mashapo yabaki, halafu watu huuonja saa baada ya saa kuona unavyobadilika. Lakini mvinyo ule hutiwa pombe kali ungali unachacha. Chachu inakufa, sukari inabaki, na baada ya kumiminwa kazi ni ya hewa. Tonto iko hai hadi ndani ya dumu. Ndiyo maana wapakizi wa Nakivale hulegeza vifuniko kabla pikapu haijaondoka. Anayekaza kifuniko atakuta dumu limevimba kama mpira.

Jumamosi jioni nilikuwa katika kilabu kimoja pembezoni mwa Mbarara. Sukari ilikuwa imekwisha kuliwa, ukali umepanda, harufu ya mtama imejitokeza. Kwa maoni yangu hapo ndipo tonto inastahili jina lake. Wateja waliinywa bila kusemezana.

Jumapili mambo yakageuka. Dumu lililobaki nusu lilikuwa limeanza kunuka siki, wakati lililojaa bado lilinyweka. Vijidudu vya siki vinahitaji hewa, na nafasi iliyo wazi ndani ya dumu ni hewa tupu. Anayefungua madumu matatu kwa pamoja ili kila mteja achague anajitafutia hasara. Uza moja liishe ndipo ufungue jingine.

Muuzaji aliteremsha bei hadi nusu. Mama wa Nakivale hulipwa baada ya mauzo, kwa hiyo nusu hiyo ilitoka kwenye karo ya wanawe pia. Ndiyo sababu Rwanda ilipofunga mpaka wa Gatuna, kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, mwenye maharage aliweza kungoja lakini mwenye pombe ya ndizi hakuweza.

Kilichochacha mno wengine hukipeleka kwenye mitungi ya kukenekea waragi. Kutengeneza waragi bila leseni ni kosa, na kanyanga ikikamatwa Rwanda mwenye mzigo anakwenda nayo. Hatari kubwa zaidi ni methanoli: Aprili 2010 makumi ya watu walikufa Kabale kwa waragi uliochanganywa nayo.

Mama yule hakuuza lita zake za mwisho kwa wapika waragi. Jumatatu zilimwagwa, na akaniambia Alhamisi inayofuata atakanyaga mikungu michache zaidi ya nusu ya ile ya kwanza.