Gari Lililogongwa, Likatengenezwa, Likashuka Bei

Mnunuzi anayeyajua magari, awe Kikima au Nairobi, haanzi na injini. Hufungua boneti akatazama bolti zinazoshika madigadi. Kwa kawaida bolti hizo hupakwa rangi kiwandani pamoja na bodi, kwa hiyo zikiwa na mikwaruzo ya spana anajua kipande hicho kiliwahi kufunguliwa. Kisha hupitisha kidole kwenye nafasi iliyo kati ya mlango na mlango, akitafuta mahali inapopanuka. Hukagua mipira ya madirisha kama imerukiwa na rangi, halafu hulinganisha alama za tarehe kwenye vioo. Mwenye kipimo cha unene wa rangi hupata jibu upesi zaidi, maana palipojazwa fila namba hupanda mara kadhaa. Akimaliza hutaja bei yake, nayo huwa chini ya bei ya gari jingine la aina hiyo, la mwaka uleule na kilomita zilezile.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yetu. Fundi wa bodi amefanya kazi safi, gari linakwenda, gereji imelipwa, na bado mwenye gari amepoteza pesa. Tuchukue mfano wa gari lililokuwa na thamani ya shilingi 700,000 kabla ya ajali. Ukarabati umegharimu 180,000 na kampuni ya bima imezilipa. Wanunuzi sasa hawavuki 600,000. Shilingi 100,000 zimemtoka mtu aliyekuwa upande wake wa barabara kwenye kona za milima ya Mbooni, akagongwa na mwingine aliyeshuka kwa kasi. Hasara hii haina risiti, na kwa sababu haina risiti wengi huiacha ipite.

Soko halimwonei. Chuma kilichokunjika kikanyoshwa hakiwi kile cha awali, na mshono wa kuchomelea hushika kutu mapema kuliko bodi yenye mipako ya kiwandani. Zaidi ya hayo, mnunuzi hawezi kujua kama mkoba wa hewa uliofyatuka ulibadilishwa au ulifunikwa tu. Magari yetu mengi hutoka Japani, ambako nyumba za mnada huyapa alama ya R au RA yale yaliyowahi kugongwa na kukarabatiwa, na waagizaji wa Kenya wamezoea kuisoma alama hiyo kabla ya kutoa pesa. Gari likishapata namba za Kenya, taarifa za ajali zake hazimfikii mnunuzi. Ukitafuta rekodi zake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utamwona mwenye gari na kama lina deni, lakini hutaiona ajali. Basi kila mnunuzi hukisia, na anayekisia hujikinga kwa kupunguza bei.

Swali ni nani alipe. Wa kwanza kufikiriwa ni kampuni yako mwenyewe, hasa ukiwa na bima kamili, ile watu huiita komprehensivu. Jibu lake limo ndani ya mkataba. Kampuni huahidi kutengeneza gari au kulipa thamani yake, na mikataba ya kawaida ya Kenya hutaja waziwazi kwamba uchakavu, kushuka kwa thamani na hasara zinazofuatia ajali havilipwi. Kwingine imekuwa tofauti. Katika jimbo la Georgia, Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2001, katika kesi ya State Farm dhidi ya Mabry, kwamba kampuni ya bima lazima ipime pia upungufu wa thamani wa gari la mteja wake. Kutokana na kesi hiyo ilizaliwa fomula iitwayo 17c, ambayo huanza na asilimia 10 ya thamani ya gari kama kiwango cha juu, kisha hupunguza kulingana na ukubwa wa uharibifu na kilomita. Sisi hatuna fomula ya namna hiyo.

Anayebaki ni aliyesababisha ajali. Kwake husimami juu ya mkataba. Unasimama juu ya uzembe wake, na shabaha ya fidia ya uzembe ni kumrudisha aliyeumia, kadiri pesa inavyoweza, pale alipokuwa kabla ya kuumizwa. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Nkuene Dairy Farmers dhidi ya Ngacha Ndeiya ya 2010, ilisema mdai wa uharibifu wa gari halazimiki kuonyesha kwamba tayari amelipia ukarabati. Anatakiwa aonyeshe ukubwa wa uharibifu na gharama ya kukirudisha kitu karibu kabisa na hali yake ya awali, na ripoti ya asesa, yaani mkadiriaji wa uharibifu, ilitosha. Huko Uingereza, katika Payton dhidi ya Brooks ya 1974, mahakama ilikubali kwamba gari lililotengenezwa vizuri laweza bado kuwa limepungua thamani, na upungufu huo wadaiwa. Mdai alishindwa kwa sababu ushahidi wake haukutosha. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila zaweza kushawishika nao. Kwa maoni yangu mlango uko wazi, na kinachowarudisha watu nyumbani mikono mitupu ni ushahidi.

Nusu ya ushahidi huo huwa tayari mezani. Ripoti ya asesa kwa kawaida hutaja thamani ya gari kabla ya ajali na gharama ya kulitengeneza. Kinachokosekana ni thamani baada ya matengenezo, na hiyo lazima mwenye gari aitafute mwenyewe kwa mthamini anayetambulika, atakayeandika sababu zake, atakayelinganisha na bei za magari ya aina hiyo yasiyogongwa, na atakayekuwa tayari kusimama kortini akiulizwa. Si lazima gari liuzwe kwanza. Picha za bodi kabla ya fila kupakwa ni muhimu kuliko picha za gari linalong'aa, kwa sababu zinaonyesha kama chasi iliguswa. Kiasi chenyewe kitajwe wazi katika hati ya madai kama hasara maalumu, yaani hasara yenye hesabu inayotakiwa kuthibitishwa shilingi kwa shilingi. Katika David Bagine dhidi ya Martin Bundi ya 1997, Mahakama ya Rufani iliweka msimamo huo kuhusu aliyekosa matumizi ya gari lake, na ni busara kuufuata hapa pia.

Pesa nyingi hupotelea mahali pengine kabisa, kwenye sahihi. Gari likiwa tayari, mwenye gari huletewa dischaji, hati ya kukiri kwamba ameridhika na hana dai lingine. Anatia sahihi akiwa amesimama gereji, funguo zikimsubiri. Hati iliyotolewa na kampuni yake mwenyewe huenda inafunga madai dhidi ya kampuni hiyo tu. Ile ya kampuni ya aliyemgonga humwachilia mgongaji pia, na hapo dai la upungufu wa thamani limekufa. Kuna mtego wa pili. Kampuni yako ikishalipa gereji, ina haki ya kumshtaki mgongaji kwa jina lako ili irudishiwe pesa zake. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Agizo la 3, zinataka mdai alete dai lake lote kwa pamoja. Kesi hiyo ikienda na gharama za ukarabati peke yake, huenda usiruhusiwe kurudi baadaye na yako. Iandikie kampuni mapema, uitake iongeze upungufu wa thamani na kile kiasi ulichojilipia mwenyewe.

Ujue pia hukumu itamwangukia nani. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, huilazimisha kampuni kulipa hukumu za vifo na majeraha ya mwili. Mali haimo katika ulazima huo. Kampuni ya mgongaji ikilipa uharibifu wa gari lako, inafanya hivyo kwa mkataba wake na yeye, na ikikataa, hukumu inabaki mgongoni mwa mgongaji. Kabla ya kutumia pesa kwa wakili, chunguza kama ana mali ya kulipia.

Kwa kiasi kama cha mfano wetu, njia nyepesi ni Mahakama ya Madai Madogo pale ilipofunguliwa. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ikiwemo uharibifu wa mali, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Vinginevyo mtu wa Kikima atakwenda kwa hakimu, Tawa.

Wapo wanaochagua njia ya mkato, yaani kupaka rangi, kunyamaza na kuuza. Hapo hasara haijaondoka, imehamishiwa kwa jirani, na muuzaji aliyeulizwa kuhusu ajali akasema uongo anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Kampuni za bima tayari zina ripoti za maasesa. NTSA izipokee na izionyeshe kwa anayetafuta rekodi ya gari, ili bei ipangwe kwa ukweli.

Nawe uliyegongwa, usitie sahihi dischaji kabla ya kupata thamani ya gari baada ya matengenezo. Sheria inakupa miaka 3 ya kumshtaki mgongaji, nayo inahesabiwa tangu siku ya ajali.