Kompyuta ina prosesa mbili, je, zote zinafanya kazi?

KOMPYUTA kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wasanifu majengo na watayarishaji wa filamu huishia majumbani baada ya ofisi zilizozinunua kubadilisha vifaa. Baadhi yake, kama vile HP Z800 na HP Z820, zina nafasi ya prosesa mbili za Intel Xeon, na hilo ndilo linalowavutia wanunuzi.

Hata hivyo, kuwapo kwa prosesa mbili ndani ya kasha si uthibitisho kwamba zote zinatumika. Kompyuta inaweza kuwaka vizuri, kufungua barua pepe na kucheza muziki kwa miezi kadhaa huku prosesa moja imelala, na mwenyewe asijue kuwa anatumia nusu tu ya kile alicholipia.

Kwanza ni vema kutofautisha mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. Prosesa ni kifaa kinachokaa kwenye soketi yake katika bodi kuu ya kompyuta. Ndani ya prosesa moja kunaweza kuwa na viini viwili, sita au zaidi, na kila kiini hufanya kazi kana kwamba ni prosesa kamili.

Aidha, teknolojia ya Hyper-Threading, ambayo Intel iliiingiza katika Pentium 4 mwaka 2002, hukifanya kiini kimoja kionekane kuwa viwili mbele ya mfumo endeshi. Kwa sababu hiyo, kuona grafu nyingi kwenye skrini hakuthibitishi kuwa kompyuta ina prosesa mbili zinazofanya kazi.

Anayetumia Windows 10 au Windows 11 abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, kisha achague "Performance" na baadaye "CPU". Chini ya grafu atafute neno "Sockets". Namba iliyo mbele yake ndiyo idadi ya prosesa ambazo Windows inazitambua.

Tuchukue mfano wa kompyuta yenye prosesa mbili, kila moja ikiwa na viini sita na Hyper-Threading. Inapaswa kuonyesha soketi 2, viini 12 na prosesa za kimantiki 24. Ikionyesha 1, 6 na 12, basi prosesa moja haijatambuliwa.

Kwa wanaotumia Linux, amri ya lscpu inatosha. Mstari wenye neno "Socket(s)" hutoa jibu hilo hilo.

Namba ikiwa 1, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni toleo la Windows. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, toleo la Home lilikubali prosesa moja tu, wakati Professional lilikubali mbili. Utaratibu huo umeendelea hadi Windows 10 na 11, ambapo Home hutumia soketi moja na Pro hutumia mbili. Kikomo hicho huhesabu soketi, si viini, ndiyo maana prosesa moja yenye viini vingi haina tatizo katika Home.

Kujua toleo, andika winver katika sehemu ya kutafutia na ubonyeze Enter. Ikiwa ni Home, dawa ni kununua leseni ya Pro. Hakuna haja ya kufungua kasha wala kubadilisha kifaa chochote.

Sababu ya pili ni mpangilio. Fungua msconfig, nenda "Boot", kisha "Advanced options". Kama kisanduku cha "Number of processors" kimewekwa alama, kiondoe alama hiyo na uwashe kompyuta upya. Wapo wanaokiweka wakidhani kinaongeza kasi, kumbe kazi yake ni kupunguza idadi ya prosesa zinazotumika.

Sababu ya tatu ni kifaa chenyewe. Ingia kwenye BIOS wakati kompyuta inawaka. Ikiwa BIOS inaona prosesa mbili na Windows inaona moja, tatizo liko kwenye programu. Ikiwa hata BIOS inaona moja, basi ya pili haipo, haijakaa sawasawa, imeharibika, au hailingani na mwenzake.

Dalili nyingine ni kumbukumbu ya RAM. Katika kompyuta hizi kila prosesa ina nafasi zake za RAM, na prosesa isipofanya kazi, RAM iliyo upande wake haihesabiwi.

Prosesa zote zikitambuliwa, bado kuna swali moja: je, programu unazotumia zinazihitaji? Programu iliyoandikwa kufanya hatua moja baada ya nyingine haiwezi kugawanywa. Kwenye kompyuta yenye prosesa 8 za kimantiki, programu ya aina hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote itaonyesha matumizi ya takriban asilimia 12 au 13 tu, na huo si ubovu.

Kupima kwa uhakika, tumia kazi inayogawanyika, kama kubadilisha muundo wa video au kipimo kilichomo katika programu ya bure ya 7-Zip. Katika Task Manager bonyeza grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuonyesha "Logical processors". Grafu zote zinapaswa kupanda.

Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kikomo hiki mwaka 1967. Kazi ya dakika 60 ambayo nusu yake haigawanyiki itachukua dakika 45 kwa prosesa mbili, si 30.

Kwa hiyo, anayetaka kompyuta ya barua na intaneti hatapata faida kubwa kwa kulipia prosesa ya pili. Anayehariri video ataipata, mradi kabla ya kutoa fedha amwombe muuzaji awashe kompyuta na kumwonyesha namba ya soketi. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika tano.