Timu Ikishinda, Beki Hupata Jina

Katika viwanja vya Busawe, kama ilivyo katika vijiji vingine vya Serengeti na Tarime, mfungaji wa mabao hana haja ya kutambulishwa. Watoto humfuata mpaka nyumbani kwao. Lakini mwulize mtazamaji huyo huyo jina la beki wa kushoto, naye atakujibu, "yule mrefu", au "mtoto wa fulani". Beki ni kama mchunga ng'ombe: hutajwa siku ndama anapopotea. Mchezaji asiye na mbwembwe hupata jina pale tu timu yake inapofika mbali.

Tukumbuke mwaka 1979. Taifa Stars walikwenda Ndola, Zambia, wakiwa na ushindi wa bao 1-0 walioupata nyumbani. Bao la Peter Tino likafanya matokeo ya huko kuwa 1-1, na Tanzania ikafuzu kwenda Lagos katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za Machi 1980. Huko Lagos tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ni pointi moja tu. Hata hivyo, kwa kuwa taifa halikurudi katika fainali hizo mpaka mwaka 2019, miaka 39 baadaye, kikosi kile kilibaki vinywani mwa watu. Tino angekumbukwa kwa bao lake. Lakini walinzi kama Leodegar Tenga na Jella Mtagwa kazi yao ilikuwa kuzuia, na kuzuia hakupigiwi makofi. Safari ya Lagos ndiyo iliyowafanya hata watu wasiowahi kuwaona uwanjani wayajue majina yao.

Ulaya nako mambo ni hayo hayo. N'Golo Kanté, kiungo mpole anayejulikana kwa kunyang'anya mipira, alipata kucheza daraja la tatu la Ufaransa akiwa Boulogne. Mwaka 2016 Leicester ikatwaa ubingwa wa Uingereza bila kutarajiwa na yeyote, na mwaka 2018 Ufaransa ikatwaa Kombe la Dunia. Mapafu na miguu vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mahali timu ilipomaliza.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la haki, kwani kandanda ni mchezo wa timu, na sifa hufuata timu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wananchi wa Mara wana sababu ya kuitilia shaka, maana wameonja upande wake mchungu.

Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0. Msomaji aitazame vizuri sifuri ile, kwani ndiyo kazi ya walinzi. Lakini mchezo wa marudiano haukuchezwa. Timu haikufika Libya kwa matatizo ya safari, ikaondolewa mashindanoni, na mwisho wa msimu huo huo ikashuka daraja.

Tangu hapo mazungumzo yote yamekuwa juu ya safari iliyokwama. Nani anaweza kuwataja mabeki wanne waliowazuia Walibya kwa dakika 90? Mshambuliaji timu ikianguka huondoka na mabao yake yakiwa yameandikwa, nayo humfungulia mlango kwingine. Beki hana cha kuonyesha ila neno la mwalimu wake wa mpira. Hawa hawakushindwa na mpira. Walishindwa na karatasi na usafiri, na bado deni limewaangukia wao.

Hasara hii huanza mapema, tena shuleni. Katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, timu huchujwa hatua kwa hatua mpaka mkoa na taifa. Shule ndogo ikitolewa siku ya kwanza, kijana wake aliyefunga mabao mawili atasikika, mwenzake aliyeokoa matano atarudi nyumbani kuchunga. Wanaochagua wachezaji wa wilaya hawana budi kuwahi michezo ya mwanzo, na kukaa upande wa goli la timu inayoelemewa, maana huko ndiko beki anakofanya kazi. Na kila shule iweke daftari: tarehe, matokeo, majina yote 11 na nafasi ya kila mmoja. Mwalimu wa michezo anaweza kuanza Jumamosi hii.