Kunja Nepi Vizuri, Mtoto Alale Vizuri

Mama, je, mtoto wako huamka ameloa hadi mgongoni ingawa umemfunga nepi mbili? Au ukimfungua unakuta alama nyekundu mapajani? Huenda nepi zako hazina kasoro. Angalia jinsi unavyozikunja.

Nepi za kutupa zimejaa madukani, lakini katika nyumba nyingi nepi ya kitambaa bado ina kazi. Hununuliwa mara moja, hufuliwa, na mtoto anayefuata huirithi. Bibi zetu walifunga winda la kanga kuukuu, nao walijua walichofanya: pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini na hunyonya vizuri.

Jambo la kukumbuka ni moja: unene wa nepi uwe pale mkojo unapofika. Kitambaa kilichorundikana kiunoni hakinyonyi kitu, humbana mtoto tu.

Namna ya kukunja

Tumia kitambaa chepesi cha pamba, mraba wa sentimita 60 hivi.

1. Kunja ukingo wa chini ukutane na wa juu. Kisha leta nusu ya kushoto juu ya nusu ya kulia. Umepata mraba mdogo.

2. Shika pembe ya juu, upande wa kulia, ya tabaka la juu peke yake. Ivute kwenda kushoto mpaka ipatikane pembetatu yenye ncha inayotazama chini.

3. Pindua nepi yote, iliyo kulia iwe kushoto. Sasa utaona ukingo ulionyooka upande wa kushoto. Ukunje, tabaka zake mbili kwa pamoja, mara 2 au 3 kuelekea katikati, uwe ukanda mnene katikati ya pembetatu.

4. Mlaze mtoto, ukingo mrefu uwe usawa wa kiuno chake. Pitisha ncha ya chini katikati ya miguu, lete mabawa mawili mbele, kisha funga kwa pini ya nepi.

Katikati sasa pana tabaka 8 hivi, na mabawa yana 2 tu. Mtoto wa kiume hulowesha zaidi mbele, kwa hiyo kunja ncha ya chini kidogo kwenda juu kabla ya kumfunga. Wa kike hulowesha katikati, na akilala chali mkojo huelekea nyuma. Kwake kunja ukingo wa juu kidogo kwenda chini. Usiku ongeza katikati kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa.

Mtoto asiumie

Unapofunga pini, weka vidole vyako kati ya nepi na ngozi ya mtoto, ili ikiteleza ikuchome wewe. Pini ngumu ichomeke kwanza kwenye mche wa sabuni. Itapita kwa urahisi. Ukishafunga, vidole viwili viweze kuingia kiunoni.

Kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, nepi iishie chini ya kitovu ili kipate hewa na kikauke. Usimfunge miguu ikanyooka na kubanana. Magoti yakunjike na mapaja yaachane, kama anavyokaa mgongoni kwako, maana nyonga zake bado zinakomaa.

Kufua na kutunza

Nepi mpya zifue mara kadhaa kabla ya kuzitumia. Suuza mpaka sabuni iishe, kwani mabaki yake huwasha ngozi. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya. Nepi zilizoanikwa nje zipige pasi pande zote mbili, kwa sababu joto huua mayai ya nzi ambaye funza wake huingia ngozini. Usizihifadhi pamoja na vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo. Kwa baadhi ya watoto, hasa wachanga, kemikali hiyo huharibu chembe nyekundu za damu, na mtoto huweza kuugua manjano kali.

Mwisho, nepi inayonyonya vizuri si ruhusa ya kumwacha mtoto ndani yake. Mbadilishe kila baada ya saa 2 au 3 mchana, na mara moja akijisaidia haja kubwa. Chupi ya plastiki iwe ya safari tu, maana hufungia joto na unyevu. Upele ukidumu siku kadhaa, au ukitoa usaha, mpeleke zahanati.

Jizoeze kukunja mara tatu au nne mtoto akiwa amelala. Atakapoamka, mikono yako itakuwa imeshajua njia.