Giaboksi ya gari la zamani ikifa: Utengeneze au uuze?

WAMILIKI wengi wa magari yaliyotembea miaka 15 au 20 huogopa jambo moja kuliko mengine yote: kuambiwa na fundi kwamba giaboksi imekwisha.

Hofu hiyo ina sababu. Pedi za breki zikilika, mwenye gari hununua nyingine siku hiyohiyo na kuendelea na safari. Giaboksi ikiharibika, gharama yake yaweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya gari zima, na kwa anayelifanyia biashara ya teksi, kila siku gari linapolala gereji ni siku isiyo na hesabu.

Je, litengenezwe au liuzwe? Umri wa gari peke yake hautoi jibu. Yapo maswali matatu ya kujibiwa kwanza: ni kitu gani hasa kilichoharibika, sehemu nyingine za gari zina hali gani, na fedha hiyohiyo ingenunua nini badala yake.

Ujue ugonjwa kabla ya dawa

Magari mengi madogo yanayoingia nchini kutoka Japani hutumia giaboksi za otomatiki. Ndani yake mna mafuta maalumu ambayo mafundi wengi huyaita haidroliki. Mafuta hayo hulainisha vyuma, hupoza joto, na ndiyo yanayosukuma klachi za ndani ili gia zibadilike.

Yakipungua, msukumo hupungua na sahani za klachi huanza kuteleza. Kuteleza huzaa joto, nalo joto huyaunguza mafuta yaliyobaki. Ndiyo maana ugonjwa huu ukishaanza huenda kwa kasi, hasa katika foleni za mjini.

Dalili zake zinajulikana: gari hukawia kuondoka baada ya kuwekwa gia, injini hunguruma bila mwendo kuongezeka, au gari hushtuka gia zinapobadilika.

Hata hivyo, dalili hizo si hukumu ya kifo. Sili inayovuja, waya uliokatika, au solenoidi, yaani valvu ndogo ya umeme inayoongoza mafuta, zaweza kuleta shida ileile. Hata mpira unaoshikilia injini ukikatika, gari hushtuka. Kasoro hizo mara nyingi hutengenezwa bila kununua giaboksi nyingine.

Kwa hiyo, mwenye gari aanze kwa kuomba mafuta yapimwe. Katika magari mengi mafuta mazima huwa mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia iliyokoza na kunuka kuungua, klachi zimeathirika. Sampo ikifunguliwa, ungaunga mwembamba kwenye sumaku ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma ni habari mbaya. Kisha gari lipimwe kwa mashine ya kusomea hitilafu, na fundi aeleze alichokiona.

Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma na puli, zina mafuta yake pekee. Kuziwekea haidroliki ya kawaida ni kuziua.

Hesabu isiyodanganya

Ikithibitika kwamba giaboksi imekufa, kalamu na karatasi vitasaidia kuliko huruma. Tuchukue mfano wa gari ambalo likiwa zima lingeuzwa Sh6 milioni, na katika hali yake ya ubovu lingeuzwa Sh3.5 milioni. Giaboksi iliyotumika pamoja na ufundi ni Sh1.8 milioni.

Hapo matengenezo ya Sh1.8 milioni yanaongeza thamani ya Sh2.5 milioni. Kutengeneza kuna faida, hata kwa mwenye nia ya kuuza.

Lakini kama injini nayo inatoa moshi wa buluu, na itahitaji Sh2 milioni ili gari lifikie bei hiyo, gharama inakuwa Sh3.8 milioni kwa ongezeko lilelile. Hapo ni afadhali kuliuza lilivyo, na kumweleza mnunuzi ukweli wote.

Matairi mapya yaliyonunuliwa mwaka jana yasiingizwe katika hesabu hii kama sababu ya kuling'ang'ania gari. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi, liuzwe au litengenezwe.

Pia ikumbukwe kwamba anayeuza atahitaji usafiri mwingine. Katika mfano wetu, akiunganisha Sh3.5 milioni za mauzo na Sh1.8 milioni za matengenezo, anapata Sh5.3 milioni. Kiasi hicho kitamnunulia gari jingine la zamani, ambalo giaboksi yake haifahamu. Kuagiza kutoka nje si njia nyepesi: Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Unaponunua iliyotumika

Maduka ya vipuri vya mtumba, kama yale ya Ilala na Kariakoo jijini Dar es Salaam, huuza giaboksi zilizotolewa katika magari yaliyovunjwa nje. Namba ya aina ya giaboksi ilinganishwe na ile iliyo kwenye bamba la utambulisho wa gari, kwa kuwa zinazofanana kwa sura zaweza kutofautiana ndani. Dhamana, hata ya wiki chache, iwe ya maandishi.

Kabla ya kuifunga, mabomba na kipozeo cha mafuta visafishwe. Chembe za chuma za giaboksi iliyokufa zikiachwa humo, zitaiua na hii mpya. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa ndipo wengi wanapolipa mara mbili.

Wakati mwenye gari anatafakari, gari lenye gia zinazoteleza lisipelekwe safari ya mbali. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, gia ndogo ndiyo inayozipunguzia breki mzigo. Gia ikikosa nguvu hapo, breki hubaki peke yake, na zikipata joto kupita kiasi hushindwa kulizuia gari.