Umeme wa Radi na Umeme wa Betri: Neno Moja na Vifaa vya Awali vya Tiba

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili aishiye Kilosa au Mikumi huita kwa jina moja, umeme, mmweko wa radi juu ya milima ya Rubeho, nguvu inayozalishwa Kidatu tangu mwaka 1975, na ile ya betri ya tochi. Aambiwapo hospitalini kwamba misuli yake iliyopooza itatibiwa kwa umeme, si ajabu akaogopa; na aambiwapo kwamba umeme huondoa sumu ya nyoka, si ajabu akaamini. Makala haya yanaeleza vifaa vya awali vya tiba vilivyotumia betri na kuonyesha haja ya kuliwekea neno hilo mipaka.

2.0 Maana ya Neno

Katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, umeme ni wa radi. Maana ya nguvu ipitayo katika waya ilikuja baadaye kwa upanuzi wa maana. Upanuzi huo una msingi: majaribio yaliyofanywa Ufaransa mwaka 1752, kwa kufuata pendekezo la Benjamin Franklin, yalithibitisha kuwa radi na cheche za maabara ni za jinsi moja. Kinachotofautiana ni kiasi. Seli ya tochi hutoa volti 1.5, njia kuu itokayo Kidatu kwenda Morogoro na Dar es Salaam hubeba volti 220,000, radi huhesabiwa kwa mamilioni.

3.0 Vifaa vya Awali

Mwaka 1800 Alessandro Volta alitangaza betri yake: visahani vya metali mbili tofauti, vilivyotenganishwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Muda si mrefu Giovanni Aldini, mpwa wa Luigi Galvani, aliijaribu kwa wagonjwa wa huzuni kuu. Katika miaka ya 1850 ulienea mkufu wa Pulvermacher, wenye nyaya za zinki na shaba zilizozungushiwa vijiti; ulichovywa katika siki, kisha ukavaliwa mwilini. Aidha, ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831 ulizaa visanduku vya betri na koili, ambavyo mgonjwa alishika vipini vyake viwili.

Wachuuzi walidai kuwa vifaa hivyo huponya takriban kila maradhi. Tofauti na wao, tabibu Guillaume Duchenne, katika kitabu chake cha mwaka 1855, alionyesha jinsi ya kuchochea msuli mmoja mmoja bila kutoboa ngozi, na hivyo kutambua msuli upi umekufa na upi ungali hai.

4.0 Hitimisho

Dai la wachuuzi halikufa. Mwaka 1986 taarifa kutoka Ecuador ilidai kuwa mshtuko wa umeme hutibu sumu ya nyoka, na vifaa vya betri vikatumiwa kwa kazi hiyo. Majaribio yaliyofuata hayakuuona uponyaji huo, na Shirika la Afya Duniani hulikataza tendo hilo. Umeme huchochea neva na misuli; hauondoi sumu. Mkulima aliyeumwa na kifutu anahitaji kufikishwa hospitali bila kuchelewa.

Hivyo basi, inafaa radi ibaki ya mawinguni, mshtuko wa umeme uwe wa madhara, na mchocheo wa umeme uwe wa tiba. Muuguzi asemaye, "Tutachochea misuli yako kwa betri ndogo," atakuwa amemwondolea mgonjwa hofu na kumwambia kweli.