Mbuzi Mdogo katika Shamba Dogo la Gusii

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba ya kaunti ya Kisii, na ambako shamba la babu limekwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu hata mafungu mengine hayafiki nusu eka, si ajabu kwamba mtu anayeanza ufugaji huiacha fikira ya ng'ombe na kuelekea kwa mbuzi. Na akiisha kuelekea huko, hukabiliwa na swali kama achague mbuzi wa umbo dogo, au yule mkubwa wa maziwa ambaye sifa zake zimeenea tangu miaka ya 1990, wakati Toggenburg walipoletwa Meru kutoka Uingereza na Alpine wa Kijerumani wakaanza kuenezwa kutoka Nyeri. Rai yangu ni kwamba shauri hilo haliamuliwi kwa kumtazama mbuzi, bali kwa kuutazama ua wa shamba na kuuliza utakuwa na majani kiasi gani mwezi wa Januari na Februari, mvua inapopungua.

Mbuzi wetu wa kienyeji, ambaye wataalamu humwita mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki, aghalabu huwa na uzito wa kilo 25 hadi 35 akikomaa. Madhali mbuzi hula kwa siku chakula ambacho, kikikaushwa, ni kama asilimia 3 au 4 ya uzito wake, huyu wa kilo 30 hutosheka na kilo 5 hivi za majani mabichi, ilhali Toggenburg wa kilo 55 aliye katika kukamwa hudai maradufu ya hayo, na pumba juu yake. Tofauti hiyo huonekana ndogo mvua za masika zinapolijaza shamba. Lakini ukame wa wiki chache tu ukiingia, ndiyo inayoamua nani ataendelea kufuga na nani atawapeleka mbuzi wake sokoni Keroka wakiwa wamekonda.

Hata hivyo, anayetamani maziwa asijidanganye. Mbuzi wa kienyeji hutoa maziwa ya kumlea mtoto wake, na masalio yake ni ya chai. Alpine au Toggenburg aliyelishwa sawasawa huweza kutoa lita 2 hadi 4 kwa siku. Wale mbuzi vibeti wenye asili ya Afrika ya Magharibi, ambao wafugaji wa Marekani na Uingereza wanawapenda sana, hapana haja ya kuwatafuta, kwa kuwa mbuzi wetu mwenyewe ni mdogo wa kutosha.

Jambo ambalo mwanafunzi wa ufugaji hulidharau, nalo huua mbuzi wengi, ni unyevu. Gusii hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mbuzi kwa tabia yake ni mnyama wa mahali pakavu. Alalapo juu ya tope hupata homa ya mapafu na kuoza kwato, na alapo nyasi fupi zenye umande humeza minyoo inayomnyonya damu kimyakimya. Basi kabla ya kununua, jenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, angalau nusu mita kutoka ardhini, sakafu yake iwe ya fito au mbao zilizoachana sentimita 1.5 hivi ili mavi yapite bila mguu kunasa; na mavi hayo, yakikusanywa, ndiyo mbolea ya migomba na ya mboga za chinsaga. Kila wiki mfunue mbuzi ukope wa chini: ukiwa mwekundu ni salama, ukiwa mweupe damu yake inakwisha na dawa ya minyoo haina budi itolewe. Kadhalika, muulize afisa wa mifugo wa kata yako juu ya chanjo ya homa ya mapafu ya kuambukiza na ya sotoka ya mbuzi, na mbuzi mgeni mtenge wiki tatu kabla ya kumchanganya na wenziwe.

Chakula nacho kipandwe miezi kadhaa kabla mnyama hajaingia: kaliandra na sesbania kwenye kingo za matuta, ambako huzuia pia udongo usiteremke na maji, desmodiamu kati ya mistari ya nepia, na marando ya viazi vitamu yaliyonyaushwa kidogo juani. Hapa nina onyo moja, nalitoa kwa mkazo kwa sababu miparachichi imejaa katika mashamba yetu: usimkatie mbuzi majani ya miti hiyo. Yana sumu ambayo huvimbisha kiwele na kukausha maziwa, na yakiliwa kwa wingi hudhuru moyo hata mbuzi akafa.

Ama kuhusu nasaba, ipo njia ya katikati. Katika miaka ya 1980 watafiti waliofanya kazi Kenya ya magharibi, karibu na Maseno, walichanganya damu ya mbuzi wa kienyeji, Galla, Toggenburg na Anglo-Nubian ili kupata mbuzi wa maziwa na nyama kwa mashamba madogo kama haya yetu. Mfugaji wa leo aweza kuifuata hekima hiyo kwa kumpandisha jike wa kienyeji kwa beberu wa Alpine au Toggenburg, awe wa jirani au wa kikundi, kwa maana kufuga beberu wako mwenyewe kwa ajili ya majike wawili ni hasara, na kumwacha awapande binti zake ni kuharibu kizazi. Ila mtamba asipandwe na dume mkubwa katika mimba yake ya kwanza, asije akashindwa kuzaa. Mngoje azae mara moja kwa beberu wa kienyeji.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa anayeanza ni hii: nunua majike wawili wa kienyeji, kwa kuwa mbuzi mmoja peke yake hudhoofika kwa upweke, uwalee mwaka mzima, na ukiona ua wako umewatosha kiangazi chote bila wewe kwenda kukata majani kwa jirani, hapo ndipo umtafute beberu wa maziwa.